Rejista ya Darasa la Sita

Kila siku ya shule, kabla kengele ya mstarini haijagongwa, Prisca alikuwa ameshafagia mbele ya darasa la sita, ameshafuta ubao, na ameshachukua rejista kutoka ofisini. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alichaguliwa kuwa monita tangu wakiwa darasa la tano, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu alikuwa na bidii, mwandiko wake ulisomeka, na hakuwa na tabia ya kuandika majina ya wapiga kelele kwa kuwaonea watu.

Shule yao, Shule ya Msingi Lusonjo, ilikuwa pembeni mwa mashamba ya mpunga ya Madibira. Ukisimama mlangoni unaona majaruba mpaka macho yanachoka, na akina mama wameinama humo wakipalilia. Nyuma ya vyoo, njia nyembamba ilishuka kuelekea mto Lugodo. Ng'ambo ya mto huo kulikuwa na kitongoji cha Igandu, walikokaa wafugaji na wakulima wa Kisukuma waliohamia Usangu miaka mingi iliyopita. Watoto wanne wa darasa la sita walitoka huko. Mmoja wao alikuwa Nyamizi, aliyekaa dawati moja na Prisca.

Kwa kawaida, kuita rejista ni kazi ya mwalimu wa darasa. Lakini Mwalimu Asukile alikuwa akifundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja, na kidogo kidogo kazi ile ikahamia kwa monita wake. Prisca aliita majina, akaweka tiki kwa aliyekuwepo na duara kwa asiyekuwepo. Siku ya Ijumaa Mwalimu Asukile alitia sahihi chini ya ukurasa, mara nyingi akiwa amesimama, chaki ingali mkononi.

Mwaka ulipoanza, Mwalimu Mkuu, Mwalimu Tupokigwe, alitangaza jambo jipya mstarini.

"Serikali imeagiza kila mtoto awe shuleni," alisema. "Agizo hilo halitatimizwa na watu wa Dodoma. Litatimizwa na sisi hapa. Kwa hiyo darasa litakaloongoza kwa mahudhurio kila wiki litatundika bendera ya njano mlangoni. Litakaloongoza muhula mzima litatembezwa Iringa mjini."

Watoto walipiga makofi. Wengi wao hawakuwahi kufika Iringa. Prisca alimtazama Nyamizi, wote wawili wakacheka kwa furaha.

Mwezi wa kwanza bendera ilikwenda darasa la saba wiki tatu mfululizo. Justine, monita wa darasa la saba, alikuwa akipita mbele ya mlango wao akisema kwa sauti ya kusikika, "Sita bado wamelala." Kisha mvua zikazidi. Mto Lugodo ukajaa, na watoto wa Igandu wakaanza kukosa. Leo wawili, kesho wote wanne.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi huo Prisca alihesabu akaona kwamba duara nne zaidi zingewaangusha kabisa. Alimfikiria Nyamizi, ambaye hakupenda kukosa hata siku moja. Akajiambia kwamba si kosa la Nyamizi mto kujaa, na kwamba kesho atakuja. Akaweka tiki nne. Alitazama huku na huku. Hakuna aliyemwona. Wino ulikauka, na tiki zile zikafanana kabisa na nyingine.

Ijumaa hiyo bendera ya njano ilitundikwa kwenye mlango wao, na Mwalimu Tupokigwe akamwita Prisca mbele, akamshika bega, akasema, "Huyu ndiye kiongozi." Prisca alitabasamu, lakini hakumtazama usoni. Wiki iliyofuata hakutazama tena huku na huku. Mwezi wa pili ulipokwisha, watoto wa Igandu walikuwa wamefika shuleni siku saba tu, lakini kwenye rejista walikuwa wamefika siku zote ishirini.

Yangeishia hapo, labda, kama si mkutano wa wazazi.

Mkutano huo ulifanyika Jumamosi asubuhi katika darasa la saba. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwagusa kidevuni. Mwalimu Mkuu alitaka monita wote nao wahudhurie, kwa kuwa alisema wanafunzi wana neno lao katika mambo ya shule. Prisca na wenzake wakasimama ukutani nyuma. Mama yake, Mama Prisca, alikuwa amekaa dawati la tatu, amejifunga kitenge chake cha kanisani.

Afisa elimu wa kata, Bwana Mika, alieleza kwamba yamepatikana mabati ya kujengea darasa moja la shule shikizi, yaani darasa dogo ambalo watoto wadogo wa kitongoji cha mbali husomea karibu na nyumbani mpaka wakomae. Wazazi watatoa matofali na nguvu zao. Vitongoji viwili vilikuwa vimeomba, Igandu na Ihanga. Mabati yangekwenda kule ambako watoto wanakosa shule zaidi kwa sababu ya umbali.

Mzee mmoja mrefu, mwenye koti jeusi lililopauka mabegani, aliinuka. Alikuwa Mzee Budeba, baba yake Nyamizi. Prisca alimjua vizuri. Mwaka uliopita Prisca alipougua malaria, mzee huyo alivuka mto na baiskeli yake akawaletea chupa ya maziwa kila siku kwa wiki nzima, na hakutaka hata kukaa kwenye kiti.

"Mimi shule sikusoma," alisema Mzee Budeba taratibu. "Ninasema nilichokiona kwa macho yangu. Lugodo ikijaa, watoto wetu hawavuki. Wanakaa nyumbani wiki, wakati mwingine mbili. Wale wadogo wa darasa la kwanza hata hatujawaandikisha, tunaogopa maji yatawabeba. Matofali tumeshachoma. Tunaomba bati tu."

Bwana Mika alimsikiliza kwa heshima. Kisha akafungua kitabu kikubwa kilichokuwa mezani, na Prisca akalitambua jalada lake la kijani.

"Mzee wangu, nimekusikia," alisema. "Lakini wilayani siwezi kupeleka maneno matupu, napeleka takwimu. Hii ni rejista ya darasa la sita, mwezi wa pili. Nyamizi Budeba, siku ishirini, amehudhuria ishirini. Na wenzake watatu wa Igandu, vivyo hivyo. Sasa watoto wa Ihanga, angalia, wamekosa siku nne, siku tano."

"Labda wa Igandu wanaruka kama korongo," alisema mtu mmoja karibu na dirisha. Watu wakacheka.

Mzee Budeba hakucheka. Alibaki amesimama, akiwatazama waliocheka mmoja mmoja kana kwamba anatafuta anayemfahamu.

"Huyo Nyamizi ni wa kwangu," alisema. "Ninalala naye nyumba moja. Ninajua siku alizokaa." Halafu macho yake yakamwona Prisca ukutani, na uso wake ukalegea kwa nafuu. "Yule binti pale anakaa naye dawati moja. Muulizeni yeye. Yule hawezi kunisingizia."

Darasa zima likageuka. Mwalimu Tupokigwe alisema, "Prisca, Nyamizi anakuja shuleni au haji?"

Prisca aliona rejista mezani, akamwona Mwalimu Asukile, akamwona mama yake aliyekuwa akimpa moyo kwa kumwitikia kwa kichwa.

"Anakuja, Mwalimu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mzee Budeba alimtazama kwa muda. Hakukasirika. Alikaa chini polepole kwenye dawati lile dogo, akainamisha kichwa, na mpaka mkutano unakwisha hakukiinua tena. Bwana Mika aliandika jina la Ihanga kwenye karatasi yake, akasema ataipeleka wilayani Ijumaa inayofuata.

Njiani kurudi nyumbani, mama yake alimshika mkono. "Umejibu vizuri mbele za watu, mwanangu. Ila yule mzee amenisikitisha. Mtu mzima, mwema vile, sijui kwa nini kaamua kudanganya."

Prisca aliutoa mkono wake taratibu, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Jumatatu mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Prisca alijua watoto wa Igandu hawatakuja. Alikuwa amekwisha kufungua rejista pale mlango uliposukumwa, akaingia Nyamizi. Sketi na shati vilikuwa vimelowa mpaka kifuani na vimemgandia mwilini. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alikaa kwenye dawati, maji yakamchuruzika mpaka sakafuni.

"Maji yamepungua?" Prisca aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hayajapungua."

"Sasa umevukaje?"

"Baba amenifunga kamba kiunoni, akashika upande mmoja." Nyamizi alikuwa akijaribu kuachanisha kurasa za daftari lake zilizogandana. "Amesema kuanzia leo nije, mto ujae usijae. Amesema hataki kuitwa mwongo mara ya pili."

Prisca aliiangalia rejista iliyokuwa wazi mbele yake. Alitamani sakafu ile ya saruji ipasuke immeze.

"Mama alimuuliza ni mtoto gani aliyesema," Nyamizi aliendelea, bado anaangalia daftari. "Baba akajibu hakumjua. Nimeambiwa na watu wengine kwamba ni wewe."

Siku nzima wale wasichana wawili walikaa dawati moja bila kuzungumza. Nyamizi alikuwa akitetemeka. Prisca alivua sweta lake akamwekea mabegani, na Nyamizi hakulikataa, lakini hakumtazama. Prisca aliona heri Nyamizi angelitupa. Jioni baba yake Nyamizi alimngoja mtoni, akamvusha tena kwa kamba.

Kesho yake Nyamizi hakuja. Mwalimu Asukile aliingia darasani akiwa na simu mkononi.

"Nyamizi anaumwa," aliwaambia. "Baba yake amepiga simu. Ana homa kali na kifua kimembana. Zahanati iko upande huu wa mto, wanangoja maji yapungue wamvushe. Mumwombee mwenzenu." Kisha akamgeukia Prisca. "Monita, endelea na rejista."

Prisca aliita majina. Alipofika kwa Nyamizi, alishika kalamu juu ya kile kisanduku kidogo na mkono ukakataa. Darasa likaanza kunong'ona. Alichora duara. Akarudi nyuma kwenye ukurasa wa mwezi wa pili, akaangalia zile tiki zilizojipanga, na machozi yakaanza kudondoka juu yake.

Mwalimu Asukile alichukua rejista, akamtoa nje, mpaka kwenye kibaraza cha stoo.

"Una nini?"

"Mwalimu, Nyamizi hakuwa anakuja," Prisca alisema. "Mwezi wa pili wote alikuja siku saba. Wote wanne walikuja siku saba. Mimi ndiye niliyewawekea tiki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya bendera."

Mwalimu Asukile aliegemea ukuta wa stoo. Alikuwa kijana wa Kyela, mwepesi wa maneno na mzaha, lakini sasa alikuwa kama mtu aliyepigwa kofi. Alifungua rejista, akaangalia ukurasa mmoja, akafunua mwingine. Kila ukurasa ulikuwa na jina lake chini.

"Sahihi hizi ni zangu," alisema. "Nilikuwa natia bila kuangalia. Watoto wanne hawapo mbele ya macho yangu mwezi mzima, na mimi natia sahihi kwamba wapo." Alifunga kitabu. "Sikiliza, Prisca. Kuanzia leo nitaita rejista mwenyewe. Tuanze upya. Ya nyuma tuyaache yapite."

Prisca alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. Maneno yale yalimpa ahueni kidogo, kisha ahueni ile ikamchoma.

"Na Mzee Budeba, Mwalimu?"

Mwalimu Asukile aliangalia upande wa mtoni, akasema, "Ndiyo. Hayo ndiyo niliyokuwa nayakimbia. Twende kwa Mwalimu Mkuu."

Mwalimu Tupokigwe aliwasikiliza wote wawili bila kuwakatiza. Alipomaliza kusikiliza, alivua miwani, akaiweka juu ya faili lenye barua ya pongezi aliyoletewa kutoka wilayani kwa ajili ya mahudhurio. Prisca alingoja kugombezwa. Angependa agombezwe.

"Barua hii niliwasomea walimu mara mbili," alisema Mwalimu Tupokigwe hatimaye. "Nilitaka asilimia zipande, na nikaacha kuuliza watoto wako wapi." Alimtazama Prisca. "Ulimkana yule mzee mbele ya watu. Utamrudishia heshima yake mbele ya watu hao hao. Si hapa ofisini."

Jioni maji yalipopungua, vijana wa Igandu walimvusha Nyamizi wakiwa wamembeba begani. Mganga wa zahanati akasema ni nimonia, lakini wamewahi. Prisca alikwenda na mama yake wakasimama mlangoni tu. Alikuwa amekwisha kumweleza mama kila kitu walipokuwa wakitembea, na tangu hapo mama alikuwa ametangulia mbele bila kugeuka. Jambo hilo lilimuuma kuliko fimbo.

Jumatano wazazi waliitwa tena. Wengi waliacha palizi, wakaja na matope miguuni, wakinung'unika. Bwana Mika alikuwa ameketi mezani na karatasi yake. Mzee Budeba alikaa dawati la mwisho kabisa, karibu na mlango, kama mtu asiye na hakika kama amealikwa.

Mwalimu Tupokigwe alisema, "Kuna mtu ana neno," akakaa.

Prisca alitembea mpaka mbele. Zile hatua kumi zilikuwa ndefu kuliko njia ya kwenda wilayani Rujewa. Aligeuka akawaona watu wote waliomsikia Jumamosi. Alitaka kuangalia chini, lakini alikumbuka kwamba siku ile aliyeangalia chini alikuwa mtu mwingine, asiye na kosa.

"Shikamooni," alisema. "Jumamosi nilisema Nyamizi anakuja kila siku. Nilisema uongo. Watoto wa Igandu walikuja siku saba tu mwezi mzima. Tiki nyingine niliweka mimi ili darasa letu lipate bendera. Mzee Budeba alisema kweli. Mwongo nilikuwa mimi." Akageukia upande wa mlango. "Baba Nyamizi, nisamehe."

Hakuna aliyecheka safari hii. Yule mtu wa karibu na dirisha alikuwa akiangalia mikono yake. Mwalimu Asukile akasimama bila kuitwa, akasema mbele ya wote kwamba rejista ilikuwa kazi yake na alimwachia mtoto, na kwamba alitia sahihi uongo kwa uvivu. Mama Prisca alijifunika uso kwa pindo la kitenge.

Mzee Budeba alikohoa kidogo.

"Jumamosi nilipofika nyumbani," alisema, "mke wangu aliniuliza wamesemaje huko. Nikashindwa kumjibu. Nilianza kufikiri labda kweli mimi ndiye sijui kuhesabu siku." Alishika pindo la koti lake. "Na asubuhi ya Jumatatu nikamwingiza mwanangu kwenye maji. Hilo ni la kwangu, si la huyu mtoto. Nilikuwa na hasira ya kuitwa mwongo. Ningempoteza kwa ajili ya hasira."

Bwana Mika aliiangalia karatasi yake, akaikunja. "Twendeni mtoni," alisema.

Walikwenda wote, walimu, kamati ya shule, wazazi wa Igandu na wa Ihanga, wakifuatana kwenye njia ile nyembamba. Lugodo ulikuwa wa rangi ya udongo, ukipita kwa kasi na vipande vya miti. Bwana Mika alikunja suruali, akaingia na fimbo. Hatua ya tano maji yalikuwa kiunoni. Alirudi ukingoni, akakaa juu ya jiwe na kumimina maji yaliyojaa kwenye viatu vyake.

"Miaka miwili niko kata hii," alisema, "na sijawahi kufika hapa. Nilimpinga mzee kwa kitabu, na mto uko umbali wa nusu saa."

Akawageukia wazazi. "Rejista hii haifai tena. Wilaya inataka taarifa Ijumaa. Nani atanisaidia kuandika ya kweli?"

Wazazi walitazamana. Kisha akatoka mwanamke mmoja wa Ihanga, Mama Devota, aliyekuwa ameomba mabati kwa nguvu siku ile ya kwanza. Aliangalia maji, akaangalia ng'ambo.

"Wa kwetu wanachelewa na wanachoka," alisema. "Lakini wanafika. Hawa hawafiki. Mimi kama mzazi siwezi kulala nikijua bati la watoto hawa liko juu ya wangu. Waanze Igandu. Ila Bwana Mika, na sisi usitusahau. Uandike pia kwamba Ihanga wanangoja."

"Nitaandika," alisema Bwana Mika. "Na safari hii mtaisoma kabla sijaipeleka, muone kama ndiyo mliyosema."

Ikawa hivyo. Siku mbili zile, mwenyekiti wa kila kitongoji alipita nyumba kwa nyumba pamoja na mwalimu mmoja na mzazi mmoja, wakiandika watoto wote wenye umri wa kwenda shule, waliopo na wasiokuwepo, na sababu yake. Huko Igandu walikuta watoto kumi na tisa ambao hawakuwa kwenye rejista yoyote. Taarifa ilisomwa kwa sauti mbele ya wazazi, wakasahihisha sehemu mbili, kisha ikaenda.

Kuhusu wakubwa kama Nyamizi, ambao shule shikizi isingewafaa, Mama Prisca alisimama akasema mto ukijaa Nyamizi atalala kwake. Wazazi wengine watatu wa upande huu wakachukua mmoja mmoja. Hakuna aliyelazimishwa.

Prisca aliondolewa umonita. Bendera ya njano ilirudi ofisini na haikutolewa tena, kwa sababu Mwalimu Tupokigwe alisema imewafanya watoto wapende tiki kuliko wenzao. Safari ya Iringa ikaahirishwa, na wapo wanafunzi wa darasa la sita waliomnunia Prisca kwa wiki nyingi. Mwalimu Asukile alipewa onyo la maandishi. Mwalimu Mkuu naye aliandika wilayani kwamba barua ya pongezi haikustahili.

Nyamizi alirudi shuleni baada ya wiki mbili, amekonda. Alikaa kwenye dawati lake. Prisca alikuwa amejiandaa kusema mengi, lakini alichoweza kusema ni, "Nimekunakilia masomo yote." Akamsogezea daftari. Nyamizi alilifungua, akapitia kurasa.

"Hapa kwenye hesabu za sehemu umekosea," alisema.

"Nionyeshe," alisema Prisca.

Mwezi wa nne mabati yalifika. Jumamosi watu wa vitongoji vyote viwili walikusanyika Igandu kuanza msingi. Prisca alisomba mchanga tangu asubuhi na hakupumzika mpaka Mwalimu Tupokigwe alipomwita akae karibu naye, pembeni ya rundo la kokoto. Mwalimu alikuwa amejifunga kanga, mikono imejaa saruji.

"Nakuona huangalii watu usoni," alisema. "Mpaka lini?"

"Bado naona aibu, Mwalimu."

"Hata mimi. Usiikimbie haraka, ina kazi yake." Mwalimu aliifuta mikono yake kwenye majani. "Lakini elewa vizuri kilichotokea, maana siku moja nawe utakaa ofisini, watu wakikuletea makaratasi. Agizo lilikuwa zuri, kila mtoto asome. Mimi nikalishika upande wa sifa, Mwalimu Asukile akalishika kwa uvivu, wewe ukalishika upande wa bendera, na afisa akalishika kwenye karatasi. Mtu mmoja tu alisema lililokuwepo, na huyo tukamwita mwongo kwa kuwa hakuwa na karatasi. Unaelewa?"

"Ninaelewa, Mwalimu."

"Mpango wa shule haumfai mtoto mpaka kila anayehusika aseme kweli, mzazi, mwalimu, afisa na mwanafunzi. Mmoja akidanganya, wa mbali ndiye anayeumia, na wewe humwoni akiumia. Kwa hiyo ukiandika jina la mtu, kumbuka kuna mtu."

Chini, kwenye mtaro wa msingi, Mzee Budeba alikuwa amesimama na kamba ya kupimia, upande mmoja ukiwa umelala chini bila wa kuushika. Alitazama huku na huku, akamwona Prisca.

"Wewe binti," aliita kwa sauti ya kawaida. "Njoo unishikie hapa. Uivute inyooke."

Prisca aliinuka, akateremka mpaka pale alipokuwa, akaishika kamba, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkutano ule akamtazama mzee usoni.